Ultra ijayo: mimi natamani betri tu

Mkuu, umeuliza usubiri simu ya Samsung Ultra ijayo au uchukue S24 Ultra sasa. Mimi kwenye mpya natamani betri, basi. Tangu S20 Ultra ya 2020 mpaka S25 Ultra ya 2025 ni mAh 5,000 zile zile (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), wakati simu ya washindani, OnePlus 13, ina 6,000. Kamera tayari ni moto. Kalamu ya simu (S Pen) waliinyofoa Bluetooth kwenye S25 Ultra, na sitarajii irudi. Kwa Bluetooth hiyo ulikuwa unaegesha simu dirishani, unabofya kalamu ukiwa mbali, picha ya familia tayari. Raha ile!

Simu yako ikifika jioni na chaji, subiri. Kama unatembea na pawabenki, chukua S24 Ultra, iliahidiwa masasisho ya miaka 7. Ila bonyeza *#06# ukague IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kabla hujatoa hela.