Jibu: vipele shingoni baada ya kunyoa

Ndugu wa Kadutu, umeuliza kwa nini shingo inatoka vipele hata ukiweka wembe mpya kwenye kile kinyoleo cha chuma. Unakandamiza. Chuma kina uzito wake: shika mwisho wa mpini, wembe ulale kama digrii 30 kwenye ngozi, uzito ufanye kazi. Kabla ya hapo loanisha ndevu kwa maji ya moto kiasi, dakika 2 au 3, upake povu zito.

Papasa shingo kwa vidole. Pale ndevu hubadili mwelekeo, mara nyingi zinalala kwa upande. Nyoa kuzifuata, sentimita 2 kwa mara, paka povu tena, kisha pitisha wembe ukikatiza mlalo wa ndevu. Kunyoa kinyume na zinavyolala acha kabisa kama ndevu zako hujikunja: ncha zikikatwa chini mno huota ndani ya ngozi. Wembe ukianza kukwaruza, tupa, hata kama ni wa juzi.