Kwa Wapya wa Vyama Vidogo: Sahihi Kwanza, Jukwaa Baadaye

Vijana wetu, uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unakaribia na makosa ya 2022 yamesharudi. Fulana zimechapishwa, wimbo wa kampeni umerekodiwa, lakini ukiuliza ni kaunti ngapi zimekamilisha sahihi za wapiga kura wanaompendekeza mgombea wa urais, watu wanatazamana. Mgombea wa urais asiye na mrengo mkubwa nyuma yake huangukia kwenye meza ya IEBC, tume ya uchaguzi, miezi miwili kabla ya kura. Mwaka 2022 waliofika kwenye karatasi ya kura walikuwa wanne tu.

1. Sahihi. Kifungu cha 137 cha Katiba kinataka wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hizo ni kaunti 24, sahihi 48,000. Kosa letu sugu ni kuifanya 48,000 kuwa lengo, na tukiri bila kuzungukazunguka.

Meza imewekwa stendi ya mabasi Machakos siku ya Jumamosi. Jioni kuna majina 300 na kila mtu anashangilia. Sasa anza kupekua. Huyu alijiandikisha Makadara, basi ni wa Nairobi, Machakos haimhesabu. Huyu tarakimu mbili za kitambulisho zimebadilishana nafasi. Huyu alitia sahihi asubuhi, akarudi jioni akatia tena. Na linalouma kuliko yote: kifungu cha 29 cha Sheria ya Uchaguzi kinataka wanaompendekeza mgombea wa chama wawe wanachama wa chama hicho hicho. Mnakumbuka 2021, Wakenya walipogundua wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua? Mama wa watu anatia sahihi kwa moyo wake wote, kumbe kwa Msajili wa Vyama jina lake liko kwingine. Sahihi yake haisimami, na hakuna aliyemwambia.

Upungufu ukionekana wiki ya mwisho, hutokea mtu akafunga mlango na kuanza kujaza majina kwa kalamu moja. Msithubutu. Ni jinai, na mwandiko mmoja kurasa kumi mfululizo hauhitaji mtaalamu kuutambua. Tena mnamchafua mgombea aliyetumia miaka yake kujenga jina safi.

Kwa hivyo lengeni 3,000 kwa kaunti, katika kaunti 30. Mezani utaratibu uwe huu: kwanza uanachama ukaguliwe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; akiwa chama kingine, ajiondoe na asajiliwe kwetu papo hapo. Pili, aulizwe anapigia kura wapi. Tatu, namba isomwe kutoka kwenye kitambulisho chenyewe, si kwa kumbukumbu. Ndipo apewe kalamu. Inachelewesha foleni, najua. Acheni ichelewe.

2. Shahada. Mgombea lazima awe nayo, na ya ng'ambo inahitaji kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Anzeni leo. Ada ya kugombea urais mwaka 2022 ilikuwa Sh200,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

3. Mawakala. Vituo vya kura mwaka 2022 vilikuwa 46,229. Hatuwezi kuvijaza, tusijidanganye. Pelekeni mawakala mahali chama kina mgombea wa ubunge au udiwani, maana wakala mmoja analinda kura zote za chama kituoni. Asiondoke kabla ya kupiga picha Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo.

Na hao madiwani msiwadharau. Musalia Mudavadi alikuwa wa tatu katika kura za urais mwaka 2013 kwa kura 483,981, na bado hakufika asilimia 4. Kura za urais za mtu wa tatu hazimpi kiti chochote. Wabunge na madiwani ndio wanaokipa chama sauti ya kuzungumza na mirengo mikubwa miaka mitano inayofuata.

Jioni ya leo kila mratibu wa kaunti alete idadi mbili: sahihi zilizokusanywa na sahihi zilizopekuliwa. Ya pili ndiyo itakayoandikwa ubaoni.