Patasi hunolewa au huchongwa?

SWALI: Ndiyo kwanza naanza kujifunza useremala. Fundi wangu huniambia, "Kainoe hiyo patasi," lakini vijana wenzangu karakanani husema "kaichonge." Juzi mzee mmoja aliishika akasema, "Hii imesenea." Nani yuko sahihi, na huyo mzee alimaanisha nini?

JIBU: Mfuate fundi wako. Kunoa ni kusugua chuma kwenye jiwe mpaka kipate makali. Kuchonga ni kupunguza kitu kwa zana yenye makali mpaka kipate umbo. Patasi ndiyo inayochonga mti, yenyewe hunolewa. Nadhani vijana wameponzwa na penseli, ambayo tunaichonga kwa kichongeo. Ni sawa, maana pale kinachokatwa ni mti.

Kuna mahali siwezi kuwabishia, hata hivyo. Patasi ikigonga msumari ikapata pengo, jiwe la mkono halitoshi. Hupelekwa kwanza kwenye mashine, mshazari wake, yaani ule upande wa mteremko kwenye makali, ukarudishwa kwenye nyuzi 25 hivi, ndipo inolewe. Hatua ile ya mashine ni ya kurudisha umbo, na mafundi wakisema "wanaichonga upya" nawaelewa. Kunoa huanza baadaye, kwenye jiwe, mpaka usikie kwa kidole ule utando mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa mgongo. Unaugeuza mgongo, unaulaza bapa kwenye jiwe na kuuondoa utando huo.

Jiwe lenyewe ni kinoo, au jiwe la kunolea. Usiseme "jiwe la kunoa": kifaa hudai kauli ya kutendea, kama sabuni ya kufulia. Kwa msumeno, "kunoa" si kosa, ila "kupiga tupa" kunaeleza zaidi, kwa kuwa kila jino hupitiwa peke yake kwa tupa ya pembetatu. (Watangazaji wa mpira nao wana kocha "anayekinoa kikosi." Waacheni, ni sitiari nzuri.)

Ama yule mzee, amekupa neno adimu. Kusenea ni kupoteza makali, kuwa butu. Usilichanganye na kuenea. Siku hizi wengi husema tu "haikati" au "makali yamekwisha," na hapo angalia upatanisho: makali ni ya ngeli ya YA, kwa hiyo yamekwisha, wala si "umekwisha." Ukali ni wa pilipili, jua na mwalimu.