Mwalimu unayestaafu, fuatilia kadi ya bima mapema

Juzi mwalimu mmoja wa Mafinga ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nastaafu Desemba. Eti kadi ya bima inakufa siku hiyo hiyo?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumjibu, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Nilistaafu Julai 2023 nikiwa na miaka 60, shule ya msingi huku Rungwe. Makato ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya yalianza 2001, asilimia 3 kwangu na asilimia 3 kwa mwajiri, na sikumbuki mwezi yaliporuka. Nilijua kwamba mstaafu aliyechangia anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa tena. Kwa kujua hivyo nikatulia. Mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ndiyo niliyoyahangaikia kila wiki. Upande wa bima nilidhani jina langu litahamia lenyewe kwa wastaafu.

Septemba mume wangu alikesha akishindwa kukojoa. Tezi dume. Tulitoka Tukuyu alfajiri kwenye ukungu, mzee kajikunja kwenye kiti cha Noah, hadi Mbeya. Pale dirishani binti aliingiza namba, akasema foleni nzima ikisikia: "Mama, kadi hii imefungwa. Mtalipa keshi?" Miaka 22 ya makato, na mimi nafungua fundo la kanga kuhesabu hela ya mbegu za viazi! Haikutosha. Mtamba wetu aliuzwa kwa simu jioni ile, kwa bei ya mwenye shida. Dirisha lile nikilipita hadi leo moyo unanichoma.

Kufuatilia kadi ya mstaafu ndiko kulikonifundisha. Niliombwa barua ya kustaafu na cheti cha ndoa. Kwenye ajira natumia jina la baba, kwenye kitambulisho cha taifa nimeandika la mume. Cheti tulichopewa Moravian mwaka 1988 kilikuwa kimeliwa na unyevu, na mvua za Tukuyu mnazijua. Nikaenda kanisani kuomba nakala, nikaapa kwa wakili kuhusu majina, nikapanda gari kwenda Mbeya mara tatu. Kadi nikaipata. Mzee alipofanyiwa upasuaji sikutoa hata shilingi, na ninajivunia, kwa sababu kadi ile niliipigania.

Ndugu zangu walimu, barua ya kustaafu isilale sandukuni. Ipeleke ofisi ya bima ya mkoa wako siku zile zile. Majina yako yasawazishe sasa, ukiwa bado kazini na afisa utumishi bado anakupokea simu. Hakikisha mwenza wako yumo. Watoto hawaendelei na kadi ya mstaafu, kwa hiyo yule wa mwisho aliye sekondari mtafutie bima yake mapema. Narudia: majina! Tunakimbilia kiinua mgongo, tunakimaliza kwenye matofali na mabati, halafu ugonjwa unatukuta na kadi iliyofungwa. Tena msikae mkingoja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 iwatengenezee kila kitu. Haki yako ya makato ya miaka yote hiyo ifuatilie kwa miguu yako.

Mwalimu wa Mafinga, Desemba si mbali. Leo usiku toa cheti cha ndoa, barua ya ajira na vitambulisho vyenu wote wawili, vilaze mezani, usome jina moja moja, herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, Jumatatu panda gari uende Iringa.