Mwendesha mashtaka akisema "mmeshapewa kila kitu" kwenye kesi ya ulaghai

Ndugu, umeeleza kwamba mdogo wako ameshtakiwa Kenya kwa kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu, na mwendesha mashtaka anashikilia kuwa mmeshapewa ushahidi wote. Nimekuwa karani wa mawakili wa utetezi muda mrefu. Kauli hiyo huwa siipingi wala siiamini, nafungua faili tu.

Sheria mnayo. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea, na kuupata. Hata kabla yake, mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Thomas Cholmondeley, aliyeshtakiwa kwa mauaji, kwamba maelezo ya mashahidi na vielelezo vitolewe kabla ya kesi kusikizwa. Serikali ikitaka kuzuia kitu, kwa mfano kwa maslahi ya umma, iende mahakamani ikaombe. Mpelelezi hana mamlaka ya kujiamulia. Mahakama hiyohiyo ilikataa kumlazimisha mshtakiwa naye atoe ya kwake mapema.

Sasa, kesi za ulaghai zina karatasi hadi kero, na pengo hupotelea humo humo kwenye wingi. Mimi huanza na maelezo ya mashahidi. Kila barua pepe, risiti au ripoti inayotajwa naipigia mstari, halafu naitafuta kwenye vielelezo. Kuna ofisa wa benki aliwahi kuandika "kama nilivyoeleza awali". Awali wapi? Kumbe alikuwa ameandikisha maelezo mengine kabla ya hayo, na humo alisema malipo yaliidhinishwa na mtu tofauti kabisa. Hesabuni pia kurasa za taarifa za benki. Niliona moja imeruka kutoka 14 hadi 17, na marejesho ya pesa yalikuwa hapo katikati.

Jedwali la mkaguzi liombeni kama faili ya kompyuta, kwani likichapishwa fomula hazionekani. Jumbe za simu mziombe mazungumzo mazima, msikubali vipande alivyochagua mlalamishi.

Wakili aandike barua inayotaja kitu chenyewe, shahidi na ukurasa. Ukiandika "tupeni vyote" utajibiwa "tumeshawapa", na hakimu hatakuwa na la kuwabana nalo. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa kabla ya siku ya kesi kutajwa, yaani siku ya kufika kwa hakimu kupanga mambo bila kusikiza mashahidi. Na wakileta rundo jipya asubuhi ya kusikizwa, ombeni kuahirishwa kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.