Maswali ya Wasomaji: Diski Iandaliwe Vipi Kabla ya Kuhamia Windows 11?

SWALI: Laptopu yangu ina Windows 10. Diski ni ya gigabaiti 500, imegawanywa C na D, na kwenye C zimebaki gigabaiti 9 tu. Fundi anasema diski ni ya MBR, kwa hiyo kuhamia Windows 11 lazima kila kitu kifutwe. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si lazima. MBR (mpangilio wa zamani wa sehemu za diski) hugeuzwa kuwa GPT (mpangilio mpya unaotakiwa na Windows 11) huku mafaili yakibaki, ila usianzie hapo. Anza na afya ya diski, maana kazi hii huisomesha na kuiandikisha mfululizo, na diski iliyochoka inaweza kufia katikati. Weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo, utazame Reallocated Sectors Count (sehemu zilizoharibika na kubadilishwa) na Current Pending Sector. Hesabu ghafi zake (Raw Values) ziwe sifuri. Ya pili ikizidi sifuri, kuna sehemu ambazo diski inahangaika kuzisoma: nakili mafaili kwanza, kisha nunua SSD. Usikimbilie chkdsk /r (amri ya kukagua na kurekebisha diski) kabla ya kunakili. Inaweza kuimaliza diski mgonjwa.

Nakala ikae nje ya laptopu. Kutoa C kupeleka D hakusaidii kitu, kwani zote ni diski moja. Flashi ya FAT32 hukataa faili linalofika gigabaiti 4, hivyo ifomati kwa exFAT ingali tupu. Ukimaliza, jaribu kufungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta nyingine.

Kwenye C tunashauri ubaki na gigabaiti 30 au zaidi. Hamishia video kwenye diski ya nje, kisha tumia Disk Cleanup na ubonyeze Clean up system files. Kama orodha ina Downloads, hakikisha haina tiki. Amri powercfg /h off huondoa faili la hiberfil.sys (linalotumika kompyuta inapolazwa kwa Hibernate) na kurudisha gigabaiti kadhaa.

Sasa MBR. Hakikisha kwanza kompyuta ina UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) na TPM 2.0 (kifaa cha usalama; andika tpm.msc uone), bila hizo usigeuze chochote. Kama BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri) inafanya kazi, isimamishe kwa muda. Chomeka chaja, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Namba 0 ni ya diski; ihakikishe kwenye Disk Management. Ukaguzi ukipita, rudia amri ukiweka /convert badala ya /validate. Mara nyingi hukwama kwa sababu D ni Logical drive (sehemu iliyo ndani ya sehemu nyingine iitwayo Extended), au sehemu za Primary, yaani zile kuu, zimezidi tatu. Zana hii haikubali Logical kabisa: ukishanakili D nje, ifute pamoja na sehemu ya Extended iliyoibeba, geuza, kisha uiunde upya. Ukiwasha tena, ingia BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) utoe Legacy au CSM, njia za zamani za kuwasha, uweke UEFI. Ukisahau, Windows haitawaka na utadhani diski imekufa, kumbe ni mpangilio tu.

SWALI: Nimeshahamia Windows 11, mbona C imejaa kuliko mwanzo? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni folda ya Windows.old, yaani mfumo wako wa zamani. Hukaa siku 10 ili uweze kurudi nyuma, kisha hujifuta. Iache mpaka uhakikishe printa, sauti na programu zako za kazi zinaendelea vizuri.