Makoloni kuisha baada ya saa 2: je, dawa imeua kweli?

Mkuu, umesema E. coli wako wanaisha kabisa baada ya saa 2 kwenye siprofloksasini (antibiotiki), na sampuli unaipaka moja kwa moja bila kuizimua. Dawa hiyo huua haraka, sibishi. Ila kwa njia yako huwezi kujua kama bakteria walifia kwenye tyubu au kwenye agari (lishe iliyoganda ya sahani), maana mikrolita 100 unazopaka zimebeba dawa, nayo inaendelea na kazi kwenye sahani.

Jipime hivi: chukua kimiminika cha Mueller-Hinton (lishe ya kukuzia bakteria) chenye dawa ya kiwango chako cha juu, tia bakteria wafike kama 1,000 kwa mililita, paka mikrolita 100 papo hapo. Fanya vivyo hivyo bila dawa. Hapo utapata makoloni 100 hivi. Sahani ya dawa ikipungukiwa zaidi ya robo, tatizo ni hiyo dawa inayobebwa hadi kwenye sahani.

Wengi watakwambia zimua mara 100 ili dawa ipungue nguvu, basi. Piga hesabu kwanza. Unaanza na 5×10⁵ kwa mililita (0.5 McFarland, kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye kimiminika, iliyozimuliwa mara 300 hivi). Ili useme umeua 99.9%, wabaki wasiozidi 500 kwa mililita. Sasa ukizimua mara 100 na kupaka mikrolita 100, koloni moja tu inasimama badala ya bakteria 1,000 kwa mililita! Sahani tupu hapo haithibitishi kitu.

Afadhali uoshe: zungusha mililita 1 kwenye sentrifyuji, mwaga maji ya juu, tia seline (maji ya chumvi) ya 0.85%, rudia, kisha paka. Bakteria wachache hupotea humo, kwa hiyo tyubu isiyo na dawa nayo ioshwe vilevile.

Mengine kwa ufupi. Tumia bakteria walio katika kasi ya kukua, si wa jana usiku. Dawa za jamii ya penisilini hasa haziui vizuri waliolala, yaani wasiokua. Weka tyubu bila dawa, na nyingine zenye dawa ya MIC (kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua) mara 1, mara 4 na mara 8. Chota saa 0, 1, 2, 4, 6 na 24.

Wakirudi saa ya 24, pima upya MIC ya makoloni hayo. Ikiwa imepanda, umechagua bakteria sugu. Ikiwa ileile, shuku dawa kuharibika, au bakteria walioganda ukutani mwa tyubu juu ya kimiminika, ambako dawa haikuwafikia.